Siku mbili Kariakoo kuchukua mzigo wa khanga na vitenge: nilimlipa nani na alinipa nini

Nina kiduka cha nguo za kina mama hapa Morogoro, khanga, vitenge, madira, mashuka kidogo, na kila baada ya miezi miwili hivi nashuka Dar kuchukua mzigo. Kila nikirudi watu wananiuliza vipi Kariakoo, ni kweli bei chee, ni kweli wanapiga watu, na nikitaka kujibu kwa neno moja nashindwa, maana huyu anakwambia alipata bei mpaka akashangaa na yule analia kapigwa, na wote wawili wanasema kweli. Tatizo wote wanasema "muuzaji wa Kariakoo" utadhani ni mtu mmoja. Sio mmoja jamani. Pale kuna mwenye mzigo wake, kuna wa jumla, wa rejareja, kuna winga, kuna dalali, kuna machinga, kuna na yule aliyekalia bidhaa peke yake hataki mwingine aiguse, na kila mmoja ana namna yake ya kula kwenye pesa yako. Majina yao tunayo kwenye Kiswahili siku nyingi, ni sisi tu hatuyatumii tukiwa tunanunua. Kwahiyo safari yangu ya karibuni nimeamua niielezee hivyo hivyo, muuzaji kwa muuzaji.

Usafiri sina cha kulalamika. Nilipanda treni ya SGR asubuhi, daraja la kawaida 13,000, chini ya saa mbili niko Dar, toka stesheni bodaboda mpaka Kariakoo. Kwa wasiojua, jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, kambi yao ilikuwa hapo. Soko lenyewe, lile jengo la miavuli ya zege alilolichora Beda Amuli likafunguliwa 1975, ndo lile lililoungua Julai 2021, ila mtu wa nguo hana sana shida na jengo, nguo ziko mitaani, Uhuru, Kongo, Msimbazi, na huko ghorofani ambako bila kuambiwa huwezi kujua kama kuna duka.

Hujafika mbali winga ameshakuona. Na mimi naanza na winga kwa sababu ndo anayesemwa vibaya kuliko wote na ndo aliyeniumiza mwaka wangu wa kwanza. Mwaka 2019 nilikuja na mtaji wa kuhesabika, nikakutana na kijana nadhifu, shati limenyooka, simu mbili mkononi, "karibu dada, khanga? vitenge? twende nikupeleke stoo kabisa, bei ya kiwandani." Nikamfuata ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akaingia yeye kwanza dukani, akamsalimia yule dada wa ndani, mimi nikaona ni duka lake au la ndugu yake. Nikachukua khanga doti 40 kwa 10,500 kila doti. Nilipofika Moro jirani yangu sokoni ana khanga ile ile, jina lile lile, kachukua kwa 8,500. Elfu mbili mara 40 ni elfu 80, hiyo ilikuwa kodi ya fremu yangu ya mwezi mzima. Hiyo elfu mbili ndo inaitwa cha juu. Mwenye duka ana bei yake, winga anaongeza yake juu, wewe unalipa zote mbili ukidhani ni moja.

Miaka imepita nimemuelewa winga vizuri zaidi na sitaki kumuita mwizi. Hana mshahara, hana fremu, anafanya kazi kama winga wa mpirani, anakimbia pembeni anapiga krosi mwenzake ndo anafunga. Anajua duka gani lina nini kwenye ghorofa mia. Safari hii kuna mama mmoja aliniagiza doti 30 za khanga rangi moja ya zambarau kwa ajili ya sare ya arobaini, nimezunguka Uhuru yote kila duka wana doti nne, wana sita, hakuna aliyefikisha 30. Nikasimamisha winga, nikamuuliza kabisa usoni, "Mdogo wangu, wewe ni winga au duka ni lako?" Akacheka, "Mimi winga dada, sikufichi, cha juu yangu mia tano kwa doti." Nikamwambia poa. Dakika 40 hazijaisha tumepata 22 duka moja na nane duka lingine, rangi inafanana mpaka ukiziweka pamoja huwezi kutofautisha. Nikampa 15,000 yake mkononi, mbele ya mwenye duka, na bei ya duka nikailipa dukani. Huyo kijana nampa nyota tano na namba yake nimeihifadhi. Kinachoumiza kwa winga ni pale anapojificha ukadhani ni mwenye mali. Ukishamuita kwa jina la kazi yake, na yeye anakutajia bei ya kazi yake. Muulize mapema, kabla hujapanda ngazi.

Dalali watu wanamchanganya na winga lakini hawako sawa. Dalali ni wa zamani, hata neno lenyewe la Kiarabu, anauza mali ya mtu kwa kujulikana, kama hawa wa nyumba ambao mpangaji anajua kabisa kodi ya mwezi mmoja ni ya dalali. Kwenye nguo sikukutana naye. Nakutana naye huku kwetu kwenye mazao na huku ndo nina maneno naye. Shemeji yangu analima viazi na kabichi Mgeta, milimani huko, gari likifika sokoni mjini yeye mwenyewe mkulima haruhusiwi kusimama auze, lazima mzigo upite mikononi mwa dalali wa lile soko, na dalali ndo anajua mnunuzi katoa ngapi, shemeji anajua tu alicholetewa. Na kabla ya hapo mnunuzi wa shambani kashamfungia lumbesa. Kwa asiyejua lumbesa, ni gunia lililojazwa mpaka mdomo halafu likashonewa kilemba juu, ukiliona limesimama utadhani mtu kavaa kofia, sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100 na lile ni zaidi sana, lakini linahesabiwa gunia moja na mkulima analipwa gunia moja. Kusini kwenye korosho wana kangomba, mnunuzi anakuja na bakuli lake kipindi cha njaa ananunua kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Kagera kwenye kahawa wana butura, kahawa inauzwa ikiwa bado iko mtini, haijaiva. Ona hayo maneno, lumbesa, kangomba, butura. Wakulima wameibiwa mpaka kila mkoa una jina lake la kuibiwa. Nimetoka kidogo nje ya khanga lakini nisingeweza kusema dalali nikanyamaza hilo.

Turudi Uhuru. Duka la jumla ninalolipenda ni la mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, kazaliwa hapo hapo mtaani, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Duka ni jembamba, refu kama korido, majora yamesimama kushoto na kulia mpaka dari, harufu ile ya khanga mpya yenye wanga inakupokea mlangoni. Ukiingia unasalimia kwanza. Sio utani, nimeona mtu kaingia "mzee hii bei gani" na mzee akajifanya hasikii. Mimi naingia, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu, Moro wazima? Mvua ipo?" ndo tunaanza. Anahesabu kwa korija mpaka leo, korija ni ishirini, hesabu ya zamani ya wauza nguo, "chukua korija mbili nikufanyie 8,500, chini ya hapo 9,000." Bei yake haina kupanda na kushuka, hakuongezei ili uombe akupunguzie. Khanga anaikunjua yote mbele yako, anaitazama pindo kama limepigwa sawa, anaiinua kwenye mwanga uone kama uzi umeachia, kuna moja aliiweka pembeni mwenyewe kabla sijasema, rangi ya mji, ile sehemu ya katikati, ilikuwa imeingia kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa, herufi mbili hazisomeki. "Hii utaniletea lawama," akasema.

Na ni yeye aliyenipa mali kauli mara ya kwanza. Mali kauli ni kuchukua mzigo kwa mdomo tu, unauza kwanza unalipa baadae, hakuna benki hakuna dhamana, dhamana ni sura yako. Mwaka 2020 biashara zilivyokuwa ngumu alinipa doti 40 akaandika kwenye daftari lake la mistari, jina langu, idadi, tarehe, akanigeuzia nisome. Akasema ule msemo, mali bila daftari huisha bila habari. Nilimlipa kwa awamu tatu na kila awamu alifuta mbele yangu kwa rula. Bila huo mzigo duka langu lisingefika leo, nasema kweli kabisa.

Siku hiyo palikuwa hapana wateja tukakaa tukazungumza, nikamuuliza kwanini watu wanasema bepari kama tusi. Akasema kwao kwa Kigujarati vepari ni mfanyabiashara, basi, hakuna ubaya ndani yake, baba yake alikuwa anaitwa hivyo na anajisikia vizuri. Baadae likaja Azimio la Arusha 1967, neno likaanza kutembea na unyonyaji, bepari na kupe wakawa kitu kimoja, mpaka watoto shuleni wanaimba. Mzee hakusema kwa uchungu, alisema tu "neno lilihama nyumba." Nimekaa nalo sana hilo. Tajiri nalo limehama. Kwenye Kiarabu ni mfanyabiashara tu, sisi tumelifanya mwenye pesa, na dereva wa daladala anamuita mwenye gari tajiri hata kama huyo tajiri anadaiwa benki. Ukitazama vizuri tumezoea kuyageuza majina ya wauzaji kuwa ya sifa au ya matusi, na kazi yenyewe inapotea humo ndani.

Sasa nije kwa yule ambaye sikumpenda, na duka silitaji. Kuna toleo la vitenge lilikuwa limeshika sana miezi hiyo, maua makubwa ya kijani na dhahabu, kila mteja wangu anaulizia, kila sherehe utaona mtu kavaa. Nikaulizia maduka sita. Yote jibu moja, "huo uko kwa mtu mmoja tu," wananielekeza mlango ule ule. Nikaenda. Duka zuri, kiyoyozi, vijana wanne, mmoja wala hakuinua macho kwenye simu. Doti ya yadi sita 18,000, kwa jumla, na kitenge cha ubora ule ule toleo lingine ni 12,000 au 13,000 mtaa ule ule. Nikasema sawa nipe 20. Kijana akasema "Ukichukua hizi 20 unachukua na hizi kumi," akanionyesha rundo la vitenge vya kahawia vilivyopauka kwenye mikunjo, vimekaa sana. Nikamwambia kaka hizi sizitaki, haziuziki kwangu. "Zinaenda pamoja dada." Nikauliza mwenye duka yuko wapi nizungumze naye, nikaambiwa bosi haongei na wateja wa doti 20.

Huyo ndo mhodhi. Sitaki tumuite mjanja wala mwenye bahati. Kuhodhi ni kukishika kitu peke yako ukaziba njia ya wengine, halafu hiyo njia uliyoiziba ndo unaiuza. Angekuwa anauza ghali tu ningeelewa, mtu anaweza kuuza ghali na mimi nikaenda kwa jirani. Ubaya wa mhodhi ni kwamba jirani hayupo, kwahiyo hana haja ya kukusalimia, hana haja ya kukunjua kitenge ukione, na anaweza kukufungia na mali yake mbovu juu yake ukabeba tu. Hali yenyewe inaitwa ukiritimba, ingawa siku hizi watu wanalitumia kwa ofisi za serikali, "urasimu na ukiritimba", wakimaanisha kuzungushwa njoo kesho njoo keshokutwa. Hawajakosea sana kwa sababu karani mwenye muhuri peke yake naye kahodhi kitu. Ila maana ya dukani ndo hiyo, mlango mmoja. Na ukiritimba sio lazima uwe wa kificho, Zanzibar karafuu inauzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, kwa sheria, na anayeivusha kwenda kuiuza kwingine ndo anaitwa mtu wa magendo. Kwahiyo mlango mmoja unaweza kuwekwa na sheria, unaweza kuwekwa na pesa. Sheria ya Ushindani tunayo tangu 2003 na Tume ya Ushindani ipo, lakini mimi mtu wa doti 20 sijui ningeanzia wapi kulalamika kuhusu kitenge cha maua.

Sikununua. Niseme ukweli iliniuma kibiashara, wiki tatu nzima wateja wanaulizia nawaambia sina, wengine wakaenda kwa mwingine hawakurudi. Baadae toleo lile lile likaingia maduka mengine, sasa hivi linapatikana kwa 13,000. Sijui yule bosi zile za kahawia amezifanyaje.

Watu wanamuita mtu kama huyo mlanguzi. Hapo siafiki. Mlanguzi ni mwingine. Mlanguzi anakuta mali inapatikana kwa wote, anainunua kwa wingi anaificha, anasubiri iadimike ndo anaitoa kwa bei ya kuruka. Mama yangu akisikia neno mlanguzi bado anashtuka. Anasimulia miaka ya mwanzoni mwa themanini, foleni ya sabuni, foleni ya sukari, khanga kwa kibali, halafu 1983 Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita na walanguzi na wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali usiku, sabuni zinaokotwa vichakani. Mama anasema wapo walanguzi kweli waliokamatwa na wapo wenye viduka tu waliokuwa na katoni mbili chini ya kitanda na wote wakaitwa jina moja. Ndo maana nashikilia kwenye majina, jina likikosewa mtu anaweza kufungwa. Mwaka 2023 petroli ilipoadimika maneno yakarudi, vituo vinadaiwa kuficha mafuta yapande bei. Mwanzoni mwa 2024 ikawa sukari, mvua za El Nino zimeharibu uvunaji wa miwa, serikali ikatoa bei elekezi, na dukani kwa Mangi wangu hapa mtaani unaambiwa sukari hakuna, ukirudi jioni ipo ila bei nyingine. Mangi ni mlanguzi? Mangi anauza sukari robo robo kwa kupima, stoo yake ni ndoo moja. Aliyeficha yuko juu huko, Mangi kaletewa bei kama mimi nilivyoletewa. Magendo nayo ni kitu kingine tena, kupitisha mali bila ushuru au kukwepa mpaka. Waganda nao wana lao, wale waliogawiwa maduka ya Wahindi baada ya Idi Amin kuwafukuza 1972 wakaitwa mafuta mingi, Kiswahili kabisa, na kila Mganda mtu mzima anajua ni watu wa aina gani.

Machinga sasa. Jioni ya siku ya kwanza nikashuka Kongo, pale ukisimama sekunde tano umesukumwa na watu watatu, madira yametundikwa kwenye miavuli, kijana kasimama juu ya kiti anapiga makofi "elfu saba saba saba mama zangu." Kuna msemo chema chajiuza kibaya chajitembeza, kwa machinga naona hauingii. Dira lile nililolikuta kwenye kiti nililikuta na dukani nyuma yake, kitambaa hicho hicho, lebo hiyo hiyo, kwa sababu kijana kalichukua asubuhi kwenye duka hilo hilo kwa mali kauli, jioni anarudisha hesabu. Mali ni moja, tofauti yake miguu yake. Nilichukua 12 kwa 6,500, ila niliyapekua moja moja, mawili shingo ilikuwa imeshonwa upande, nikayarudisha akanibadilishia bila neno, "samahani mama angu, hayo sikuyaona." Huwezi kurudisha kesho, kesho hutamkuta kona ile, hilo ulijue. Ukinunua kwa mchuuzi pekua hapo hapo.

Na hawa vijana wameshaitwa majina mengi na kuhamishwa mara nyingi. Wamachinga wenyewe ni kabila la Lindi, vijana wa kusini waliokuja mjini kuuza mikononi ndo jina likawashika wachuuzi wote wa nchi, hata Msukuma akiuza soksi ni machinga. Desemba 2018 Magufuli akatoa vitambulisho vya 20,000, wakapumua. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani, vibanda vikavunjwa, wakapangiwa maeneo. Wengi wamerudi kwa sababu mteja hakuhama. Siku hizi kwenye hotuba wanaitwa wajasiriamali na mimi pia naitwa mjasiriamali na mwenye kontena 40 pia anaitwa mjasiriamali, neno limekuwa pana mpaka halimfuniki mtu yeyote.

Risiti niiseme haraka. Maduka mengi ya jumla utaulizwa unataka bei ya risiti au bei bila risiti, tofauti ni ile VAT asilimia 18 au karibu yake. Mimi nachukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sio kwa sababu nina pesa nyingi, ni kwa sababu mzigo ukikamatwa njiani bila risiti unayeumia ni wewe mnunuzi, aliyekuuzia yuko Kariakoo anakunywa chai. Mzee wa Uhuru anatoa bila kuombwa. Yule mwenye vitenge vya maua nilimsikia anamwambia mteja mwingine mashine ina tatizo la mtandao.

Kula nilikula kwa mama lishe nyuma ya mtaa wa Narung'ombe, wali, samaki wa kukaanga, mchicha, maharage, 4,000, na alipoona nimebeba mifuko akanisogezea ndoo ya kunawia pale pale nilipokaa nisiache mzigo. Kulala nililala kwa dada yangu Mbagala. Siku ya pili nikafunga mzigo, mbeba mizigo wa mkokoteni 5,000 mpaka ofisi za mabasi, unapatana kabla hajapakia, unatembea pembeni ya mkokoteni sio mbele yake. Treni hawakubebei roba kubwa hivyo kwahiyo mzigo unakuja kwa basi, mwenyewe nikarudi na treni, kesho yake asubuhi nikaupokea stendi ya Msamvu hapa Moro, kamba haijafunguliwa.

Kwahiyo ukiniuliza Kariakoo nyota ngapi nitakuuliza kwa nani. Mzee wa jumla tano, na ingekuwepo ya sita ningempa kwa ile khanga aliyoitoa mwenyewe. Winga aliyejitaja tano, winga aliyejificha 2019 moja. Machinga wa madira nne. Mwenye vitenge vya maua simpi hata moja, na kama ana mzigo mwingine mzuri kesho bado siendi, nitasubiri.

Zile khanga za zambarau zimeshachukuliwa zote 30. Katika zile 40 za mzee zimebaki doti 11, zilizotoka haraka zaidi ni zenye jina Subira Yavuta Heri, wateja wanasoma jina kwanza ndo wanauliza bei. Nimempigia mzee simu aniwekee korija moja ya hizo, akasema zipo, na nisije Ijumaa mchana anakuwa msikitini.